Kimya cha Wimbo wa Tisa

Jumamosi. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, na ziwa limebaki na rangi ya chai ya maziwa. Nimekaa barazani, mguu mbovu juu ya kigoda, simu mkononi. Nimeudhika, na wa kumuudhikia ni mimi mwenyewe.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mjukuu wangu Furaha, tuliyemlea mimi na marehemu mke wangu, anapiga gitaa na kuimba katika bendi ya vijana wanne iitwayo Magugumaji. Wanapiga roki, ile isiyochezeka harusini. Albamu yao ya kwanza, Ng'ambo, imetoka majuzi tu. Waliirekodi Mkuyuni, hapa Mwanza, katika chumba kilicho juu ya duka la mabati, magodoro yamepigiliwa ukutani, na kila mvua iliponyesha ilibidi waache kazi wanywe chai.

Wimbo wa tisa, ambao ndio wa mwisho, una sauti yangu.

Mimi si mtu wa ziwa hili. Nilizaliwa kando ya Tanganyika, upande wa Kongo, vita vikanitoa huko nikiwa kijana, na Mwanza nimeishi miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu. Kwetu mtumbwi ulipopita kando ya ufukwe, wasafiri walikiita kila kijiji kwa jina, kwa sauti, na waliokuwa nchi kavu wakaitikia. Hata kama hushuki, unaita. Kukipita kijiji kimya ilikuwa kuwaambia watu wake kwamba una ugomvi nao. Mama yangu aliyataja majina hayo akinibembeleza. Nami niliyataja nikimbembeleza Furaha, kutoka Uvira kushuka kusini: Makobola, Swima, kisha vingine hadi Baraka. Alipokua akawa anayataja mwenyewe huku akiosha vyombo.

Basi akaniomba niyataje kwenye maikrofoni, naye apige gitaa polepole chini ya sauti yangu.

Nilipofika Swima nikanyamaza. Kisha nikaendelea.

Kimya kile ndicho wahakiki walichokipenda. Gazeti moja la Dar limeandika kwamba nyimbo nane za kwanza ni vijana wakigombana na vyombo vyao, halafu mzee mmoja ananyamaza na albamu nzima inapata maana. Mwandishi mmoja wa mtandaoni amekiita kimya hicho maombolezo ya wakimbizi wote wa Maziwa Makuu. Redioni wanapiga wa tisa peke yake. Yule wa gazetini aliuchambua pia wimbo wa nne, uitwao Itikia, ili kuonyesha ubaya wa nyingine: Furaha anapiga mayowe ya neno moja lisilo na maana, anasema, na wenzake wanajibu "Tupo!" kama wanafunzi wanaoitwa majina asubuhi.

Nilisoma hayo nikacheka. Naona aibu kuandika, lakini nilicheka.

Sasa ukweli wa kile kimya. Nilisahau.

Kati ya Swima na Mboko palikuwa na kijiji kidogo. Nyumba zake ziliungua vita vilipoanza, na hakimo katika ramani yoyote niliyowahi kuifungua. Jina lake lilinitoka pale mbele ya maikrofoni na halikurudi. Nimelitafuta kwa wiki nyingi. Nimeanza kwa herufi moja moja, nimejaribu kulishtukiza asubuhi kabla sijaamka vizuri. Kaka yangu wa mwisho tulimzika Kigoma, na baada yake sina wa kumuuliza. Nilifanya kazi ya kusahihisha prufu za vitabu kabla ya kuchapwa, hadi nikastaafu. Neno likidondoka katika sentensi ya mtu mwingine niliona pengo lake nikiwa bado mbali.

Kijiji chenyewe ndiko alikozaliwa mama yangu.

Kwa hiyo wanachokiita maombolezo, watu wa mama yangu wangekiita tusi. Nimewapita kimya, na redio inakirudia kila jioni.

Ungedhani jambo hilo lingenikosesha raha ya kusifiwa. Halikunikosesha. Mama Rehema, jirani yangu anayeuza dagaa, ananipokea langoni kila siku: "Shikamoo staa!"

"Marahaba."

"Ukienda Dar usitusahau. Upige picha na wale wasichana wanaochezaga nyuma."

"Roki haina wasichana wa kucheza nyuma, Mama Rehema."

"Basi hiyo siyo roki, mzee. Hayo ni mahubiri."

Habari ya Dar ni kweli. Kuna tamasha, na waandaaji wameialika bendi kwa sharti moja: waje na mzee. Nilikuwa nimeshatoa koti langu la kijivu sandukuni nikalianika.

Leo mchana Furaha alikuja kula. Nilimpikia sato wa nazi, nikamchambulia miiba kama alipokuwa mdogo, kwa mazoea tu. Alikula kidogo. Halafu akaniuliza swali ambalo alikuwa ameshaniuliza mara kadhaa tangu albamu itoke.

"Babu, wa nne umeusikia?"

"Mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Una nguvu."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Nguvu. Babu bwana! Hata yule wa gazetini alijitahidi zaidi."

Sikuwa nimeusikia. Wa tisa nilikuwa nimeusikiliza mpaka simu ikawa inauleta wenyewe nikiigusa tu.

Alinawa mikono, akajifuta taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nimewaambia wenzangu waende Dar na wewe. Mimi natoka."

"Unatoka wapi?"

"Kwenye bendi, Babu. Shangazi anataka mtu wa dukani kwake Sengerema. Leo navuka kwenda kuongea naye, kesho asubuhi narudi kuchukua vitu vyangu."

Palikuwa na maneno mengi ya kusema hapo. Mimi nikamuuliza: "Sasa nani atanipigia gitaa?"

Naliandika swali hilo kama nilivyolisema.

"Watapata mtu," akasema. Akanishika mkono kwa adabu, akachukua mkoba wake, akaenda kuwahi kivuko cha Kamanga.

Alipoondoka niliondoa sahani mbili mezani. Kisha nikavaa hedifoni alizoninunulia mwenyewe, nikautafuta wimbo wa nne.

Mara ya kwanza nilisikia alichosikia yule wa gazetini. Gitaa linakwaruza kama mtumbwi unaoburutwa juu ya kokoto, ngoma zinakimbia, na juu yake mtoto niliyemfundisha kusema polepole anapiga mayowe. Nikaongeza sauti. Nikarudia.

"Kilumbwe!"

"Tupo!"

"Kilumbwe!"

"Tupo!"

Nilivua hedifoni nikaziweka juu ya meza.

Kilumbwe. Mama yangu ni mtu wa Kilumbwe.

Sasa nakumbuka siku ile ya kurekodi jinsi vidole vya Furaha vilivyosimama juu ya nyuzi nilipofika Swima, na jinsi alivyoniinulia macho. Nilidhani anapumzika. Alikuwa ananisubiri. Jina alikuwa nalo mdomoni, lakini pale chumbani walikuwapo wenzake watatu na fundi wa sauti, na sisi tulimlea asimsahihishe mkubwa mbele ya watu. Mimi ndiye niliyekuwa mkali zaidi kwa jambo hilo.

Hakunisahihisha, nami wiki zote hizi sikufikiria kumuuliza yeye. Alikwenda akalitungia jina lile wimbo mzima. Najua Itikia ndio uliorekodiwa mwisho, kwa sababu wenzake walilalamika kwamba kazi ilikuwa imekwisha na yeye akawarudisha juu ya duka la mabati. Akauweka mbele ya wangu, ili nitakapofika mahali pale na kunyamaza, kijiji kiwe kimeshaitwa na kimeshaitikia.

Kisha akakaa akisubiri nimwambie kwamba nimesikia.

Yule wa gazetini nimemsamehe. Angejuaje? Kati ya wasikilizaji wote alikuwapo mtu mmoja tu ambaye angelijua neno lile, na mtu huyo alikuwa barazani, anajisikiliza mwenyewe.

Jioni hii nimesikiliza albamu yote kwa mpangilio wake, wa kwanza hadi wa tisa, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Sitajifanya kijana, wa pili na wa sita zinanishinda. Wa tano umeniliza. Na wa tisa, ukifika baada ya nyingine, ni mdogo kuliko nilivyodhani. Ni mzee anasoma majina, na pale anaposhindwa, gitaa la mjukuu wake linasubiri bila haraka.

Wahakiki wote wamekisifu kimya. Hilo gitaa hakuna aliyelitaja.

Nimempigia Furaha. Simu haipatikani. Nimewaandikia vijana wa tamasha kwamba mzee hatakuja, na kwamba wakitaka Magugumaji wausikilize kwanza wimbo wa nne. Koti nimelirudisha sandukuni likiwa bado na unyevu.

Sijui kama inatosha. Huenda shangazi yake ameshamwonyesha duka na chumba cha kulala. Huenda mtu akisubiri sana kusikilizwa hufika mahali akaacha kutaka.

Kesho nitakuwa gatini mapema, na mguu wangu huu. Maisha yangu yote nimeyataja yale majina kama mtu aliye ndani ya mtumbwi, anayepita. Kesho yeye ndiye atakayekuwa majini na mimi nchi kavu, na kazi ya aliye nchi kavu ni moja tu.

Nitaitikia. Hata asipoita.