Roshani Uliyoifunika kwa Rangi

Mzee Mutua,

Mara ya mwisho kuwa nawe nilikuwa nimesimama kando ya jeneza lako, nikiwaambia watu wa kanisa kwamba wewe ndiye ulinifundisha kuchomea vyuma na kumcha Mungu kwa pamoja. Wakapiga makofi. Leo natamani ningenyamaza.

Karakana bado iko pale pale Kaloleni. Mkeo, Mama Wanza, aliniachia niiendeshe. Asubuhi naomba kabla ya kuwasha mashine, vile ulinizoesha. "Purity, hiki chuma si chetu. Sisi ni mawakili tu. Mwenyewe atauliza." Unakumbuka geti la shule ya chekechea? Ulinifanya nilibomoe lote kwa sababu upande wa nyuma nilichomea nusu nusu. Nililia. Ukaniletea chai, ukasema, "Huko nyuma ndiko Mungu anaangalia."

Nikakuamini, Mzee.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwenye nyumba mmoja wa mtaa wa Fedha. Mpangaji wake wa ghorofa ya pili, Mama Kerubo, alikuwa akianika blanketi. Akaegemea chuma cha roshani, kikang'oka naye. Aliangukia mabati ya kibanda cha mboga hapo chini. Yu hai, lakini nyonga imevunjika.

Nyumba hiyo naijua. Ni kazi uliyoifanya peke yako, ile wiki uliyoniambia niende kwa mama yangu, Machakos. "Umechoka, mwanangu, nenda ukapumzike." Nilikushukuru sana.

Nilienda nikijipa moyo kwamba ni kutu. Nikawasha grinda, nikaondoa rangi kwenye kipande kilichobaki ukutani. Chini ya rangi kulikuwa na fila, ile ya kujazia magari yaliyobonyea. Chini ya fila, nukta moja tu ya moto, badala ya mshono mzima. Moja, Mzee! Nikajaribu roshani ya jirani. Vivyo hivyo. Nikaketi sakafuni na grinda mapajani. Ndipo nikaelewa kwa nini ulinipumzisha. Hukutaka nione.

Nilimwambia Mama Wanza kwanza. Alinishika mikono yote miwili. "Purity, usimvue nguo mtu amelala. Sema ni kutu. Nani atajua?" Akasema ulikuwa umechukua kazi mbili, na mwenye nyumba alikuwa anakukimbiza. Labda. Lakini mimi ungeniita. Ningekuja siku hiyo hiyo.

Nilimwambia mwenye nyumba ukweli. Halafu nikaenda hospitali, nikamweleza Mama Kerubo, nikingoja anitukane. "Afadhali umesema," akaniambia. "Watu wa ploti wanacheka, ati ni unene wangu ndio umevunja chuma. Hata mume wangu alicheka." Akageukia ukuta, akalia.

Wewe ulificha, na aibu ikabebwa na yeye, kitandani, hawezi hata kujigeuza.

Kutoka hapo nilipitia ile shule. Nikaligonga lile geti kwa nyundo, mbele, nyuma, kila mahali, mpaka mlinzi akatoka kuuliza nina shida gani. Halikutikisika. Hilo ndilo limeniumiza zaidi. Kama hungejua kazi, ningekusamehe pale pale. Ulijua. Ulijua kabisa, na ulinifanya nijue, kisha ukaenda Fedha ukafanya vile.

Sasa kanisani kuna wanaopita kando yangu. Wanasema nimemuuza mtu aliyenilea. Mama Wanza alikaa wiki nzima bila kuongea nami. Jana akaja karakana, akaweka chakula mezani, akaniuliza roshani zilizochomewa hivyo ni ngapi. Nilimwambia ni nyingi. Akavuta kiti, akaketi nami nikila.

Sijakusamehe, Mzee. Najaribu, na siku nyingine naishia njiani. Ila mkono ninaochomea nao ni wewe uliushika ukaunyoosha, na siwezi kuukata.

Basi lala. Sitakuficha, wala sitakukana. Nitaving'oa vyuma vya roshani zote na kuvichomea upya, kwa jina la karakana yako. Na siku Mama Kerubo atakaporudi nyumbani, kabla hajagusa chuma chochote, nitasimama pale ghorofa ya pili mimi mwenyewe, niegemee kwa uzito wangu wote, yeye akitazama.

Purity