Golikipa wa Mechi Mbili

Kashojwa, kambi ya Nakivale, Uganda
Msimu wa mvua

Kwa Mama mkwe wangu mpenzi, Mama Wilondja,

Yesu asifiwe, Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, magoti yamepoa na usingizi unakuja. Kile kikohozi kiliisha? Paa la jikoni mlishaliezeka? Sisi huku tunapumua. Wajukuu wako wamekua. Esther ananizidi urefu sasa, na Josué anasema Kinyankore kama aliyezaliwa huku, mpaka wenyeji wanacheka. Ninauliza na kueleza haya yote kwa sababu nina habari nzito na moyo wangu haujataka kuifikia. Shemeji Mmunga, wewe unayemsomea Mama, mkalishe kwanza, na usiruke neno. Nitaisema polepole, vile ilivyonijia mimi.

Unamkumbuka ndugu yangu Asukulu, golikipa wa ekipe ya mpira ya kijiji chetu. Mikono yake ile haikubaki bure. Hapa Kashojwa kuna ekipe inaitwa Tumaini, na tangu tulipofika yeye ndiye analinda goli lake. Kila Jumapili watu wakitoka kanisani wanaelekea kiwanjani moja kwa moja, na mimi ninapanga mandazi yangu kando ya mstari.

Kuna jambo ambalo sikukwambia miaka yote hii, Mama. Unajua siku ile vita vilipoingia kijijini, vijana walikuwa katikati ya mechi. Mwamuzi hakupuliza mwisho. Watu walikimbia, wengine wakaanguka pale pale kwenye majani, na Wilondja wangu, aliyekuwa amevaa jezi ya kumi, hatukumwona tena, si mzima wala maiti. Basi mara ya kwanza Asukulu aliposimama golini huku Uganda, alirudi nyumbani amekauka midomo. Akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, ile mechi haikuishaka. Bale batu beko banaendelea kucheza."

Nikamuuliza ni watu gani hao wanaoendelea kucheza. Akanitajia majina. Mama, kila jina alilolitaja ni la mtu tuliyemzika, au ambaye watu walimwona akifa. Hakutaja mzima hata mmoja. Alisema anawaona nyuma ya wachezaji wa kweli, kama unavyoona samaki chini ya maji, na anawasikia wakiitana.

Nikauliza lile ambalo wewe pia ungeuliza. "Na Wilondja?"

"Hayumo, yaya. Nilimutafuta fasi yote. Hayumo."

Nililia kwa furaha. Kama wanaocheza ni marehemu na mume wangu hayumo, basi anatembea mahali fulani juu ya nchi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili jioni nilimtengea Asukulu chakula na kumuuliza neno moja tu, "Hayumo?" Naye anajibu, "Hayumo." Nilikula neno hilo kwa miaka, Mama. Watu walinishauri niolewe tena, nikawaambia nina mume.

Mwaka huu Tumaini ilianza msimu vizuri sana. Papa Anzuruni, fundi wa baiskeli, ambaye sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya bonde, alishaanza kusema kombe ni letu. Halafu msimu ulipofika katikati, mvua za kwanza zikanyesha, na Asukulu akaharibika.

Sijui nikuelezeje. Alikuwa anaruka kabla mpira haujapigwa. Anaruka kulia, mpira unapita kushoto, naye anabaki amelala chini amekumbatia hewa kifuani, kwa nguvu, kama mtu aliyedaka kweli. Kisha anainuka, anavuta mkono nyuma na kurusha ile hewa mbali, na macho yake yanaifuata mpaka katikati ya kiwanja. Watu walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hawakucheka.

Baada ya mechi mabishano yakawa makali kuliko mechi zenyewe. Mimi nilikuwa pale na mandazi yangu, ninasikia yote.

"Bamutoe!" Papa Anzuruni alisema. "Golikipa gani anaruka kuume na mupira uko kushoto? Tutashuka mpaka chini!"

Deo, yule kinyozi Mrundi, mtu mpole, akamjibu, "Mnamwonea. Fiston ni mshambuliaji na hajafunga tangu mwezi uliopita, mbona yeye hamumsemi?"

"Fiston anakosa goli. Huyu anadaka bitu bisiyokuwako!"

Wengine walisema ni njaa, maana posho ilipunguzwa. Wengine walisema macho. Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba wapinzani wamemfunga kwa uchawi, aombewe. Deo akasema jambo lililonikaa moyoni: "Mimi nilikuwa karibu na goli. Alipokumbatia ile hewa, nilisikia kishindo. Kama mpira mzito umegonga kifua."

 Walianza kuongea habari za mechi inayofuata.

Jioni hiyo nikamuuliza Asukulu neno letu. "Hayumo?" Alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu. Akasema, "Hayumo." Ila hakuinua uso, na chakula hakukigusa.

Kisha tukaalikwa kucheza Mbarara, na ekipe ya askari wa kambi ya jeshi ya Makenke. Tulipanda lori, mashabiki na wachezaji pamoja, na njia nzima Papa Anzuruni na Deo walibishana kama Asukulu apangwe au akae. Kocha alimpanga, kwa kuwa golikipa wa akiba alikuwa na homa. Asukulu alikaa pembeni ya lori, anatazama nyuma tulikotoka.

Kule Makenke nilikaa karibu na mke wa askari mmoja, mama mnene mcheshi. Akanunua mandazi, akanisogezea benchi. Jua lilikuwa kali, saa za mchana kabisa, na watu wengi. Ninakwambia hivyo ujue haikuwa fasi ya kuogopa.

Mechi ilipokolea, yule mama akageuza kichwa. "Wewe mama, refa leo iko wawili?"

"Mmoja," nikamwambia.

"Sasa mbona mimi nasikia firimbi mbili? Ile ingine inatoka kule." Akaonyesha nyuma ya goli letu, kwenye ukuta wa kambi, ambako hapakuwa na mtu.

Nikatega sikio. Mama, niliisikia. Ilikuwa mbali na nyembamba, na ilipulizwa kwa kukatakata, vile mwalimu wetu wa kijijini, mwamuzi wa mechi ile, alivyokuwa akipuliza. Wewe unaijua. Mwalimu yule tulimzika mimi na wewe tukiwepo.

Askari wakapata penalti. Mpigaji akauweka mpira, akarudi nyuma. Asukulu hakumtazama. Alikuwa amegeukia kona ya kushoto, pale pasipo na mchezaji, na mikono yake inasukuma hewa kama anayemzuia mtu asimkaribie. Kelele zote zilikuwa zimetulia kungoja penalti, kwa hiyo kila mtu alimsikia akilia kwa sauti:

"Wilondja, rudi nyuma! Wilondja, nakuomba, usiingie huku, rudi!"

Mpira ulipita karibu na sikio lake ukaingia wavuni, naye hakujua.

Papa Anzuruni aligeuka kwa wenzake. "Wilondja njo nani? Hatuna Wilondja."

Yule mke wa askari alinishika bega. "Mama, wewe iko nini? Unaanguka." Ndivyo alivyosema, na ndivyo ilivyokuwa. Sikumbuki walivyoninyanyua.

Nilipopata fahamu, Asukulu alikuwa amepiga magoti mbele yangu na glovu zake mikononi. Alikuwa ametoka uwanjani mwenyewe. Analia kama mtoto.

"Yaya, nilikudanganya. Sikuweza kukwambia."

"Aliingia lini?"

"Ile Jumapili ya mvua ya kwanza. Alitoka upande wa miti, matope mpaka kifuani, matope mekundu. Bale bengine bakamushangilia, bakamupa jezi yake. Toka siku ile anapiga mashuti kwa goli yangu, yaya, na miye ninayadaka. Nilifikiri nikiyadaka yote, nikimukataza kufunga, atachoka, atarudi kule alikokuwa."

Kumbe ndicho alichokuwa anadaka, Mama. Watu walimzomea majuma yote yale kwa kuliacha wazi goli la Tumaini, naye alikuwa anamzuia mume wangu asikae na marehemu.

Niliporudi Kashojwa sikumwambia mtu. Nilijiambia Asukulu ameugua, na firimbi ilikuwa ya kuruta wa jeshi. Nilishika wazo hilo mpaka siku lilipokuja basi la wakimbizi wapya kule mapokezi ya Base Camp, na mtu akaja kuniita, kuna mtu wa kwenu anawaulizia. Nilimkuta Lubunga, mtoto wa yule msusi wa vikapu. Amekonda, lakini ni yeye.

Lubunga alikuwa na Wilondja. Sikiliza vizuri, Mama. Siku ile ya vita hawakumuua. Walimchukua awabebee mizigo, wakaenda naye msituni mbali sana. Alipowatoroka hakujua tuko wapi, na njia ya kurudi kijijini ilikuwa imefungwa. Akawa anachimba dhahabu kwenye mashimo, yeye na Lubunga, akitafuta nauli na habari zetu. Lubunga anasema alikuwa anataja watoto kwa majina. Anasema mapema mwaka huu walisikia kwamba watu wa kwetu Fizi wako Nakivale, na Wilondja akaanza kufunga mzigo wake. Mvua za kwanza ziliponyesha, shimo likawaporomokea. Lubunga alitolewa. Wilondja hakutolewa.

"Matope ya kule ni mekundu, mama Esther," aliniambia. "Yalimufika kifuani, akanipa mukono. Halafu yakamufunika." Sikuwa nimemuuliza habari ya matope.

Basi mtoto wako amekufa, Mama. Ameishi miaka yote tuliyomngoja, na amekufa mwaka huu, anakuja kwetu. Nisamehe kwamba neno hili linakufikia kwa karatasi. Ningekuwa na njia ningekuja nikushike.

Tumefanya matanga hapa. Papa Anzuruni alikuja wa kwanza, amebeba kuni kichwani, akakaa karibu na Asukulu bila kupaza sauti hata kidogo. Deo aliwanyoa watoto nywele. Wale waliokuwa wakipiga kelele afukuzwe, wote walikuja, na hakuna aliyetaja mpira mpaka tulipomaliza.

Kocha alimwambia Asukulu apumzike msimu huu. Akakataa. Jumapili iliyopita alirudi golini, na safari hii mimi sikuuza mandazi. Nilikwenda kusimama nyuma ya wavu. Sikuona kitu, Mama, ni majani na wachezaji na ng'ombe mbali. Lakini Asukulu alidaka mipira ya kweli yote, na kati ya mpira na mpira alikuwa anatabasamu upande wa kushoto. Mashabiki wakarukaruka, Papa Anzuruni anaapa kwamba yeye hakumkatia tamaa hata siku moja.

Baada ya mechi nilimuuliza, "Yumo?"

"Yumo, yaya. Nimemuacha afunge. Alifurahi sana. Akakuulizia."

Sijui kama nimepona au nimeugua zaidi. Ila Jumapili nitasimama tena pale.

Mama, lia, na uwaite watu walie pamoja nawe. Usimwekee tena sahani kama unayemngoja arudi. Na kuna jambo moja ninakuomba kwa magoti. Lubunga alisikia njiani kwamba kile kiwanja cha kijiji kimegawanywa, watu wamekwisha kulima pembe zote na mwaka huu wanataka kulima katikati. Nenda kwa mkuu wa kijiji, mwambie wasubiri. Asipokuelewa, mpeleke pale mchana watu wakiwa wametulia, asikilize ile firimbi mwenyewe. Mwambie vijana bado hawajamaliza.

Nisalimie Shemeji Mmunga aliyesoma haya kwa sauti, najua imemtesa. Nisalimie mama mdogo muuza samaki, mchungaji aliyebatiza watoto wangu, na mama wa Lubunga, mwambie mtoto wake anakula na analala. Esther na Josué wanakukumbatia. Asukulu anasema umsamehe, hakuweza kumzuia.

Mungu akushike mkono,

Mimi mkwe wako Riziki,
mke wa Wilondja