Ng'ombe Waliovuta Mizinga

Baba yangu,

Leo asubuhi nimekuta barafu kwenye pipa la maji hapa saiti ya ujenzi, Malvern, nikakumbuka tena kile kitabu cha watoto nilichokileta nyumbani nikiwa darasa la tano. Wewe hukujua kusoma. Mimi nilisoma kwa kusitasita huku ukichonga mpini wa jembe.

Unaikumbuka hadithi? Jeshi liliuzingira mji alimokuwa adui, lakini halikuwa na mizinga. Mizinga ilikuwa mbali, nyuma ya milima, na baridi ilikuwa kali. Kijana mmoja muuza vitabu akasema, "Nitaileta." Akaifunga juu ya mbao za kuburuza, akatafuta ng'ombe, wakapita kwenye theluji na juu ya mito iliyoganda. Mzinga mmoja ulitumbukia, wakauvua. Adui alipoamka akaiona mizinga kilimani juu yake, akapanda meli zake akaondoka.

Mimi nilitaka kukimbilia ushindi. Wewe ulinisimamisha kila ukurasa.

"Nira hii imekaa vibaya," ulisema ukikodolea picha. "Aliyechora hajalima hata tuta moja. Na maji hayabebi ng'ombe. Wamekudanganya."

Tulipomaliza uliuliza jambo moja tu: "Wale ng'ombe walirudi kwao?"

"Baba, hii ni vita, si habari za ng'ombe."

"Bila ng'ombe, vita gani?"

Kitabu hakikusema. Mwaka uliofuata niliacha shule, na nilipokuwa mtu mzima ukamuuza Kidoti, dume letu la mbele kwenye jembe, nipate nauli ya kuja huku.

Baridi yangu ya kwanza hapa niliweka tofali juu ya barafu ya pipa. Likakaa. Nilikupigia simu papo hapo, vidole vimekufa ganzi, karatasi za mifuko ya saruji zimejaa ndani ya buti zangu.

"Baba, maji yamebeba tofali!"

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Tofali si ng'ombe. Umeshajua kama walirudi?"

Ulipofariki sikuja kukuzika. Niliwaambia ndugu kwamba bosi amekataa. Sikumwomba, Baba. Niliona aibu kusimama kaburini mikono mitupu, Kidoti ameuzwa bure. Na kila Desemba, saiti zinapofungwa na wenzangu wanapanda mabasi kwenda kwao, mimi hujitolea kubaki kulinda saruji na mbao.

Jumapili nilimsimulia hadithi hiyo Neema, mjukuu wako ambaye hukuwahi kumwona. Ana miaka tisa. Kiswahili anakisikia, lakini kwa kawaida ananijibu kwa Kizulu au Kiingereza. Nilimweleza habari za mizinga, theluji, adui akikimbia. Nilidhani atauliza nani alishinda.

"Eish, Baba," akasema, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Na zile ng'ombe? Zilirudi nyumbani?"

Nani alimwambia aulize hivyo? Sura ni ya mama yake, lakini namna ya kukunja uso ni yako kabisa.

"Sijui," nikamjibu.

"Si uulize?"

Nimwulize nani, Baba? Hata hivyo, jana nilimwambia bosi atafute mlinzi mwingine Desemba hii. Amenuna, lakini amekubali. Bado sina cha kukuletea, na sijui nitawaambia nini ndugu. Wale ng'ombe wa kitabuni huenda sitajua kamwe habari zao. Ila huyu wako mmoja anarudi, amechoka, shingo ina sugu ya nira, na nyuma yake kuna ndama mwenye maswali mengi.

Tusubiri hapo ulipolala.

Mwanao, msomaji wako