Kipande cha Kitambaa Upande wa Kushoto

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya makochi,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu za watu wawili, maana siku hizi kila nikitaka kuandika "mimi" kalamu inateleza kwenye "sisi". Magoti yako yanasemaje? Umeshabadilisha miwani, au bado unasoma barua zangu umezinyooshea mkono mzima kuelekea dirishani? Na yule paka wako mwizi, bado panya wanasingiziwa makosa yake?

Sisi huku tu wazima. Neno hilo nimelichelewesha kwa miezi, ndiyo sababu barua zangu zilikuwa fupi mpaka ukalalamika kwamba ndoa imenifanya bubu. Leo naliandika bila kukudanganya, kwa hiyo kaa vizuri.

Kwa kuwa umbali ulikunyima harusi yetu, kwanza nikuoneshe tunapokaa. Ni chumba kimoja na nusu, ngazi za mbao, na chini ndiko karakana anakofanyia kazi mume wangu. Kochi letu kalitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya wateja: mkono mmoja maua, wa pili mistari, mgongo mahameli iliyobaki kwenye viti vya hoteli. Akiwa kazini hushikilia misumari midogo kwa midomo, hawezi kusema, basi nikipita huongea nami kwa nyusi. Cheka ukitaka, Shangazi, lakini mimi niliolewa na nyusi.

Tangu nipate nyumba yangu, naikumbuka sana ya kwako. Naukumbuka ubao wako wa jikoni uliochakazwa na kisu, na jua la jioni lililotambaa sakafuni mpaka likafika miguuni kwa Babu. Alikuwa akila vijiko viwili vitatu, kisha ananisukumia sahani. "Mimi nimeshiba. Maliza wewe, Kijiko." Jina likanikaa mpaka leo. Miaka yote ile niliamini ananipenda kuliko wajukuu wote, na niliwaringia binamu zangu bila huruma.

Nakumbuka pia amri yako kwamba tusimrukie Babu na tusimwegemee ubavu wa kushoto. Halafu yale mashati yake. Ulikuwa ukifumua mshono wa kushoto na kuingiza kipande cha kitambaa, mimi nimekushikia pini, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limejaa upande mmoja. Nilipouliza kwa nini, ulisema, "Bandama ya baba yangu imevimba. Imejibanza hapa chini ya mbavu, inalibana tumbo, ndiyo maana chakula kidogo tu kinamjaza." Nikasikia, nikakimbilia kucheza, nikadhani nimesahau.

Sasa nirudi kwa wangu. Tulipooana alikuwa akila tonge chache, anaweka mkono pembeni. Nikimuuliza kama chumvi imezidi, ananijibu, "Nimeshiba kwa kukutazama." Niambie, Shangazi, mwanamke gani angempeleka mume wa namna hiyo hospitali? Nikawa namaliza sahani yake na kujiona malkia. Kulala alilalia ubavu wa kulia tu, uso kwangu, hakuwahi kunipa mgongo hata mara moja, nami nikaenda kujisifu kwa wenzangu dukani. Jioni akipanda ngazi alisimama katikati kupumua. Alisema anasimama apate kusikia ninavyoimba ndani. Hilo nalo nililimeza zima.

Wifi yangu alipokuja kututembelea, akamtazama kaka yake tumboni. "Wifi, ndoa imemkubali huyu kuliko ilivyokukubali wewe. Kitambi hiki umekifuga kwa nini?" Tukacheka wote. Bwana harusi akajipigapiga tumbo kwa madaha, ila alipiga kulia tu. Nililiona hilo, nikaliacha lipite.

Kisha shati lake la kazi likaachia mshono wa ubavuni. Nilikaa juu ya kochi letu na sindano, nikaurudisha uzi, lakini kitambaa hakikufika. Basi nikaokota kipande cha mistari kwenye kapu la mabaki, nikakikata umbo la jani refu, nikaanza kukiingiza kama ulivyokuwa ukikiingiza wewe. Nilifika katikati ndipo nikatazama ni ubavu upi ninaoushona. Mikono ilikuwa imejua kabla yangu. Mtu hamalizi sahani, shati linambana, tena linambana kushoto.

Nikamwita, nikamuuliza panamuuma wapi.

"Kuuma nini?"

"Hapo unapopakinga kwa kiwiko."

Nyusi zikashuka. "Si kuuma hasa. Ni uzito, kama nimemeza mto wa kochi." Kidogo kidogo akatoa mengine: kwamba mara nyingine maumivu yanapanda mpaka bega la kushoto, akadhani ni kubeba makochi, kwamba anachoka kabla ya mchana, kwamba enzi za ukapera malaria ilimrudia kila mara, naye alimeza vidonge mpaka apate nafuu, vilivyobaki akavitupa.

"Na kule kushiba kwa kunitazama?"

"Kukutazama nilikuwa nakutazama kweli," akasema. "Ila na kushiba nilikuwa nimeshiba."

Nililia nikicheka. Nilitamani kupabonyeza nijue ukubwa wake, lakini nikaisikia sauti yako jikoni, nikaurudisha mkono.

Taabu ilikuwa kumpeleka. Kesho yake timu ya karakana ilikuwa inacheza na waoka mikate, naye ndiye kipa. Akasema wacheze kwanza, hospitali haikimbii. Nikamsimulia habari za Babu, alivyosema ataenda hospitali baada ya mvua, kisha baada ya harusi ya binamu, na alipokubali mwishowe madaktari wakakuambia wewe mlangoni kwamba mmechelewa. Alinisikiliza, lakini akaendelea kutafuta glavu zake. Hakuzipata, maana nilikuwa nimezikalia.

Wenzake walipokuja kumchukua, mmoja akapiga kelele kutoka ngazini, "Jamani, kipa kafungwa na mkewe kabla ya mechi."

"Kafungwa," nikawajibu, "na marudiano hakuna."

Daktari alimlaza, akapapasa taratibu chini ya mbavu za kushoto, akamtuma akapimwe damu na kupigwa picha ya tumbo. Akatueleza kwamba ni bandama, imekuwa kubwa sana, lakini magonjwa yanayoweza kuivimbisha ni mengi, mengine ya ini, mengine ya damu, lazima asubiri majibu. Alipomuuliza anafanya mazoezi gani, mume wangu akataja ukipa. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema bandama iliyovimba hivyo, mpira mmoja wa tumbo unaweza kuipasua, na damu ikamwagika ndani kwa ndani, nje usione kitu.

Siku za kusubiri majibu ndizo zile nilizokuandikia kuhusu hali ya hewa tu. Nisamehe. Niliogopa kwamba nikikutajia, utatoa boksi la mashati ya Babu na kulia peke yako.

Majibu yalipotoka, ilikuwa ni malaria zile za kutibiwa nusunusu. Akapewa dawa za muda mrefu, na onyo kwamba safari hii amalize. Akakatazwa kubeba makochi na kudaka mipira. Chandarua nakifunga mwenyewe kila jioni. Timu imempa kazi ya kuwa kocha, anaketi pembeni ya uwanja akifokea watu kwa nyusi.

Juzi tulirudi kliniki. Daktari akapapasa, akamwambia avute pumzi, akapapasa tena, akasema sasa bandama inabidi aitafute. Bado atarudi kuangaliwa, lakini alikuwa anatabasamu.

Na leo mchana, Shangazi, alikula sahani yake yote. Hakunitazama hata mara moja. Alipomaliza akaifuta kwa kidole, akaitazama yangu, akauliza, "Hiyo unaimalizia?" Nikamsukumia. Sasa amelala kwenye kochi, amelalia ubavu wa kushoto, uso kwenye mahameli, mimi niko mezani nakuandikia. Ni mara ya kwanza ananipa mgongo, na sijapewa kitu kizuri kama hiki tangu niolewe.

Lile shati sasa linampwaya. Nimekifumua kipande cha mistari, utakikuta ndani ya bahasha. Kiweke kwenye kopo lako la vifungo, mahali ulipokuwa ukiweka vipande vya Babu.

Nilihuzunika kidogo kugundua kwamba Babu alinipa sahani kwa sababu hakuweza kuimaliza. Kisha nikakumbuka kwamba miguuni pake daima palikuwa na paka, mama yake huyu mwizi, akilia njaa. Babu angeweza kumpa yeye.

Nisalimie binamu zangu, hasa Twiga, umwambie amebaki na deni la kuja kutuona. Msalimie jirani fundi viatu na mama yangu akipita kwako. Mungu ayalainishe magoti yako na akutunze mpaka tuje wote wawili kula jikoni kwako, kila mmoja na sahani yake.

Wako akupendaye kwa umbali huu wote,

Kijiko