Chupa ya Kilomita ya Thelathini

4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, sukari nayo imetulia, kwa hiyo usianze maswali yako.

Mbio ni Jumapili, kilomita arobaini na mbili. Utasimama kwenye meza ya kilomita ya thelathini unipe chupa: maji nusu lita, chumvi kidogo sana, sukari vijiko sita vidogo. Najua roho itakuuma. Lakini nikikimbia, misuli inaila sukari yote, na sindano ya insulini ya asubuhi bado inaishusha. Maji matupu hayatanifikisha. Sita, Baba, usinichakachulie!

Binti yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti je? Mimi nimepata nguvu, tangu uliponiacha hospitali sijaumwa tena.

Ila naacha mbio. Nilipima kila kitu, chupa yako nikaimaliza yote, na bado kilomita ya thelathini na tatu nikaanza kutetemeka, nikaja kuzinduka nimelazwa kando ya barabara. Kama hesabu ilikuwa sawa na nikaanguka, mwili huu siuamini tena. Viatu nimempa jirani. Nimelia mpaka basi.

Binti yako

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Habari za goti tuziache leo.

Mwili wako hauna kosa. Niliweka vijiko viwili.

Nilisimama na kopo la sukari pale kwenye meza yangu ya kushonea viatu. Cha kwanza, cha pili, mkono ukagoma. Tangu una miaka tisa naficha sukari kwenye sanduku la misumari. Nimekupokonya pipi mbele ya wenzako, ukanichukia, nikasema sawa, bora anichukie akiwa hai. Leo nikukorogee mwenyewe? Nikajiambia viwili vinatosha, huyu mtoto anazidisha.

Nesi wa hospitali alipouliza ulikunywa nini, nilinyamaza. Nimeona aibu mno, mama. Nikasirikie mimi, miguu yako haijakukosea.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. U mzima? Najua kimya changu kimekutesa, na mwanzoni nilitaka kikutese.

Barua tatu nimeandika nikazichana. Ungeniua, Baba. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Halafu nakuwaza na kopo lako, mtu mzima anagombana na kijiko, nacheka peke yangu, kisha nalia.

Jana nilikwenda kudai viatu vyangu. Jirani amenuna, eti alishaanza kuvizoea. Akome!

Kuna mbio nyingine Agosti. Kocha wangu anataka meza ya kilomita ya thelathini apewe mtu mwingine. Nimemwambia mtu wangu yupo. Vijiko ni sita. Onja kwanza, ukikunja uso kwa utamu, ujue imekubali. Mimi nitakunywa bila kukuuliza.

Binti yako