Midomo ya Bunduki ya Abu Hamad

Babu, mume mwenzangu,

Doha nzima, kuanzia baharini mpaka jangwani, hakuna anayezijua bunduki kunishinda mimi, na sijawahi kufyatua hata moja. Shikamoo basi, ingawa kwa cheo changu cha sasa wewe ndiye wa kuniamkia. Goti linasemaje? Mke wetu hajambo? Mwambie asikonde kwa mawazo, mume kijana bado yuko. Mimi mzima, ila joto linanikaanga kama karanga.

Barua hii anaileta Mwakio, mwenzangu wa kazi huku, anakuja likizo. Simu sikutaka, maana anaishika Nyanya na hili lilipaswa kukufikia wewe kwanza.

Sasa sikiliza. Mzee ninayemwendesha gari, Abu Hamad, ana shamba huku Umm Salal, na ana bunduki ya mitutu miwili aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ya zamani kweli, kitako kimekuwa cheusi kwa jasho la mikono. Kila Ijumaa alasiri tunamrushia visahani vya udongo avipige. Havipigi! Vinatua mchangani vizima, naviokota mimi, naona haya kwa niaba yake.

Mwanawe Hamad akamwambia, "Yuba," ndivyo wanavyomwita baba huku, "midomo ya mitutu imebana mno. Fundi aikwangue ndani, marisau, zile punje za risasi, yatawanyike. Utapata hata ukifumba macho."

Mzee akanigeukia. "Mwadime, wewe ni wa ukoo wa bunduki. Nikwangue, nisikwangue?"

Maana nilishamwambia ulilinda tembo Tsavo miaka arobaini. Kwamba ulikaa ghalani ukizipaka mafuta bunduki za wenzako, hilo sikuona haja.

Nilitaka kusema kwangua, nikale zangu. Lakini nikaona anavyoipapasa, kama mtoto aliyeshika kanzu ya babake, nikakumbuka neno lako: chuma kikishatolewa hakirudi. Nikasimamisha boksi la friji hatua ishirini, akapiga. Marisau yakaingia yamekusanyika kama ngumi. Nikalisogeza hatua arobaini, yakaenea vizuri kama mbegu shambani.

"Mzee," nikasema, "bunduki haina kosa. Wewe una haraka. Kiache kisahani kiende kwanza."

Akavunja vitatu mfululizo!

"Bahati hiyo," Hamad akacheka, akaitia bunduki garini aipeleke kwa fundi. Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi, hajui amfuate nani. Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikasema ni wosia: marehemu babu yangu alinishika mkono akasema, bunduki ya baba haikwanguliwi midomo.

Basi Mzee alilia, Babu. Akaitoa garini mwenyewe, akaifunga kabatini, midomo yake ileile. Kesho yake akachinja kondoo akuombee dua. Kondoo wako alikuwa mtamu sana.

Nisalimie shangazi yule mgomvi, na mdogo wangu anayejiita fundi wa redio, na mke wetu kwa mikono miwili.

Ni mimi, mume mwenzako mzuri wa sura,
Mwadime

Lililoharibika ni moja tu. Abu Hamad amechukua namba ya nyumbani. Ijumaa ijayo, akitoka kuswali, atampigia Nyanya ampe pole ya kufiwa, na mimi ndiye mkalimani. Tafadhali mwambie wewe mwenyewe kwamba ulikufa, mimi namwogopa. Na simu ikilia, Babu, usikohoe.