Mfereji Umegeuka Kijani

Shoga, usinipigie. Nimesimama barabarani mbele ya mtaa mzima, nachapa ujumbe tu.

Unamkumbuka Mama Mapacha, jirani yangu, niliyekuwa nasema anaelekeza choo chake kwenye mfereji wa maji ya mvua? Nimemwandikia barua tatu za onyo. Tatu! Na muhuri wa ofisi.

Leo nimekuja na bosi wangu kupima. Unamwaga rangi ya kijani chooni, unavuta maji, unatazama mfereji. Kwake tumesubiri nusu saa. Hola, hata tone la kijani.

Bosi akasema, "Haya, tupime na kwako, tusije tukaambiwa tunapendelea."

Nikacheka. Shoga, nilicheka! Nikamwaga kopo zima mwenyewe.

Dakika mbili. Kijani. Kijani mpaka kona ya barabara. Bosi akaanza kukagua viatu vyake.

Nikampigia mume wangu. Eti, "Aa, lile bomba? Marehemu baba alilipitisha huko mwaka ule bomba kuu la majitaka lilipoziba. Nilidhani unajua."

Nilidhani unajua! Mimi, mkaguzi wa majitaka, miaka tisa navuta maji kwenye choo hicho!

Mama Mapacha akaingia ndani, akatoka na barua zangu zote, hazina hata mkunjo. "Nimekutunzia, jirani. Utabadilisha jina tu."

Sasa najiandikia onyo. Fomu inataka sahihi ya jirani kama shahidi.

Amekuja na kalamu yake.